Kikombe Kimoja: Makanisa ya Afrika Kusini na Ubaguzi wa Rangi

Miongoni mwa watu wetu, na hasa katika miji ya pwani ambako chakula huandaliwa katika sinia moja, kula pamoja si jambo la kushibisha tumbo tu. Waliogombana hupatanishwa kwa kula, na mgeni hukaribishwa kwa kula. Anayekataa kutia mkono wake katika chombo alimotia mwenzake hueleweka mara moja, hata asiponena neno, kuwa amemkana mwenzake huyo. Tunaanza kwa kulikumbusha jambo hili kwa sababu historia tunayokusudia kuieleza katika insha hii ni historia ya watu waliokataa kula pamoja. Chakula chenyewe kilikuwa kidogo mno, yaani kipande cha mkate na funda moja la divai. Hata hivyo, katika kukigawa chakula hicho kidogo, kanisa moja kubwa la Afrika Kusini lilitoa kibali ambacho matokeo yake yaliwaandama mamilioni ya watu kwa zaidi ya karne moja.

Wanafunzi wa shule za sekondari wakiulizwa siasa ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini ilianza lini, wengi hujibu kuwa ilianza mwaka 1948, chama cha Makaburu kiliposhinda katika uchaguzi. Jibu hilo hupewa alama, nasi hatusemi kuwa ni la uongo. Mwaka huo ndipo ubaguzi ulipofanywa kuwa siasa kamili ya serikali na kupewa jina la Kikaburu, apartheid, maana yake hali ya kuwa mbalimbali. Lakini waliozitunga sheria hizo hawakuzivumbua siku ile. Waziri Mkuu wao wa kwanza, D. F. Malan, alikuwa mchungaji kabla ya kuwa mwanasiasa, na yeye na wenzake walikuwa wamelelewa katika kanisa ambalo weupe na weusi walikwisha kutenganishwa katika ibada. Kwa hiyo, anayetaka kuijua asili ya mambo yale hana budi aanzie kanisani.

Waholanzi walifika katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, wakitumwa na Kampuni yao ya India ya Mashariki, wakaja na dini yao ya Matengenezo. Hapo mwanzo mpaka uliowekwa baina ya watu ulikuwa ni ubatizo. Aliyebatizwa alihesabiwa kuwa ndani, na asiyebatizwa alikuwa nje. Mwaka 1662 mwanamke wa Kikhoikhoi aliyeitwa Krotoa, mkalimani katika nyumba ya gavana Jan van Riebeeck, alibatizwa na kupewa jina la Eva. Baadaye akaolewa na Mzungu kwa ndoa ya kanisani. Hatutaki msomaji adhani kuwa enzi zile zilikuwa za usawa. Watumwa walikuwa wakiletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, Bara Hindi na visiwa vya mashariki ya mbali, na Wakhoikhoi walikuwa wakinyang'anywa malisho na mifugo yao. Tunalosema ni kwamba rangi ya ngozi ilikuwa bado haijawekwa kuwa sharti la kuikaribia Meza ya Bwana.

Kadiri walowezi walivyoenea bara ndivyo ubatizo wa mtu mweusi ulivyoanza kuwatia hofu, kwani mtu aliyebatizwa angeweza kudai haki za Mkristo. Kisa cha Georg Schmidt chaonyesha hofu hiyo. Yeye alikuwa Mmoraviani, mmoja wa kundi lile lile la Wakristo ambalo baadaye, mwaka 1891, lilileta wamisionari wake Rungwe, katika nyanda zetu za kusini. Schmidt alifika Rasini mwaka 1737, akakaa miongoni mwa Wakhoikhoi katika bonde lililoitwa Baviaanskloof, akiwafundisha kusoma na kulima. Mwaka 1742 alibatiza watu watano. Wachungaji wa Kiholanzi walikuja juu, wakisema kuwa hakuwa na daraja halali ya kubatiza, na mwaka 1744 aliondoka akarudi Ulaya. Wamoraviani wengine hawakufika tena pale mpaka mwaka 1792. Waliporudi, walimkuta mwanamke mmoja mzee, Lena, aliyekuwa miongoni mwa wale waliobatizwa na Schmidt. Alikuwa bado anacho kitabu chake cha Agano Jipya, amekihifadhi katika ngozi ya kondoo. Kwa miaka karibu hamsini kundi lile lilikuwa halina mchungaji wala kanisa, na kitabu hakikupotea. Baadaye mahali pale paliitwa Genadendal, yaani Bonde la Neema. Na Nelson Mandela alipokuwa Rais aliipa nyumba yake rasmi ya mjini Cape Town jina hilo hilo.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu. Mwaka 1829 Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi lilikabiliwa na swali lililoletwa kutoka usharika wa Somerset West. Baadhi ya Wazungu hawakutaka kupokea mkate na divai pamoja na mshiriki mwenzao ambaye hakuwa Mzungu. Sinodi ya kanisa ilijibu kuwa Chakula cha Bwana hupewa washiriki wote bila ya kutazama rangi wala asili, na kwamba jambo hili limetoka katika Neno la Mungu, halina haja ya kupigiwa kura. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Mwanafunzi yeyote anayedhani kuwa watu wa zamani walibagua kwa sababu hawakujua vyema na alisome jibu hilo la 1829, aone kuwa walijua.

Miaka ishirini na minane ilipita. Katika muda huo utumwa ulikomeshwa katika himaya ya Waingereza kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1834, na maelfu ya Makaburu walioudhika wakahamia bara katika ile safari yao kubwa. Vita vya mpakani na Waxhosa vilizidi kuwatia walowezi chuki. Katika usharika wa Stockenström, karibu na mto Kat, baadhi ya Wazungu waliomba wapewe Meza yao mbali na ya Wakhoikhoi waliokuwa wengi pale. Swali likarudi tena mbele ya sinodi mwaka 1857. Safari hii mchungaji Andrew Murray Mzee wa Graaff-Reinet, Mskoti aliyeheshimiwa sana, alileta pendekezo la suluhu. Pendekezo lake lilikiri kuwa ni vyema, na ni sawasawa na Maandiko, waumini walioingia kutoka upagani wapokewe katika sharika zilizopo. Lakini likaongeza kuwa, pale ambapo utaratibu huo unaizuia kazi ya Injili kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, waumini hao wanaweza kupata haki zao za Kikristo katika jengo la peke yao. Pendekezo likapita.

Tunamwomba msomaji atue kidogo juu ya maneno hayo, "udhaifu wa baadhi ya watu". Wadhaifu waliotajwa ni Wazungu wasioweza kunywa katika kikombe kimoja na ndugu zao. Sinodi haikusema kuwa udhaifu huo ni haki wala wema. Ilitaja kosa kwa jina lake, kisha ikalijengea nyumba. Mwenye kukosa aliachwa akae alipo, na aliyekosewa ndiye aliyeambiwa atoke. Kwa maoni yetu, hili ni tukio lenye mafunzo makubwa kuliko sheria nyingi zilizotungwa baadaye, kwa sababu lilifanywa na watu wema waliotaka amani, si na watu wakatili. Hakuna aliyenyanyua bunduki katika sinodi ile.

Kilichofuata kilikuwa ni jambo la kawaida kwa ruhusa ya namna hiyo. Ruhusa iligeuka desturi, na desturi ikageuka sheria. Mwaka 1881 liliundwa Kanisa la Misioni kwa ajili ya wale ambao serikali ya huko iliwaita Machotara. Baadaye yakaundwa makanisa mengine kwa ajili ya Waafrika, ambayo mwaka 1963 yaliunganishwa kuwa kanisa moja la weusi, na mwaka 1968 la Wahindi likasimama peke yake. Hivyo kanisa moja lilizaa makanisa manne kwa kufuata rangi za watu, ingawa ungamo la imani lilikuwa moja na vitabu vya ibada vilikuwa vile vile. Karne ya ishirini ilipoendelea, walitokea wanatheolojia wa Kikaburu waliodai kuwa utengano huo ni mpango wa Mungu mwenyewe, wakitoa ushahidi katika habari za mnara wa Babeli. Jambo ambalo mwaka 1857 liliitwa udhaifu likawa sasa linahubiriwa kama utii.

Ingekuwa kosa kuwatupia Makaburu peke yao lawama hii yote. Makanisa yaliyotoka Uingereza, yaani Anglikana, Methodisti na mengineyo, hayakuwa na sinodi ya namna ile. Yalikuwa na katiba isiyotaja rangi. Lakini katika matendo, sharika za Wazungu zilikuwa mjini na za Waafrika zilikuwa katika vitongoji vyao, mishahara ya wachungaji weusi ilikuwa midogo kuliko ya wenzao, na vyeo vya juu vilishikwa na Wazungu. Mchungaji Mangena Mokone wa Methodisti alichoka kuona mikutano ya wachungaji ikifanywa mbalimbali, weupe kwao na weusi kwao, na hata ule wa weusi ukiongozwa na Mzungu. Mwaka 1892, mjini Pretoria, alijitenga akaanzisha Kanisa la Kiethiopia, akilitoa jina hilo katika Zaburi. Mwaka 1896 kanisa lake liliungana na Kanisa la Methodisti la Waafrika wa Marekani, ambalo lenyewe lilizaliwa kwa sababu kama hizo hizo. Mwanzilishi wake, Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa, alitoka na wenzake katika kanisa moja la Philadelphia mwishoni mwa karne ya kumi na nane, baada ya Waafrika kuondolewa kwa nguvu katika nafasi zao hali wamepiga magoti wakiomba. Watu wa mabara mawili walikuwa wamepita njia moja bila ya kuonana.

Katika mazingira hayo ya Wakristo weusi wa Afrika Kusini ndimo lilimozaliwa jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu katika shule ya misioni ya Methodisti karibu na Johannesburg, alitunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Chama kilichokuja kuitwa African National Congress kilipoanzishwa Bloemfontein mwaka 1912, wimbo huo uliimbwa. Sauti yake ndiyo sauti ya wimbo wetu wa taifa, ambao wanafunzi wetu huuimba wamesimama mstarini asubuhi. Ni vizuri wajue kuwa sauti hiyo ilitungwa na mwalimu wa shule kama walimu wao, katika nchi ambayo mtu wa rangi yake hakuruhusiwa kukaa apendapo.

Baada ya 1948 serikali ya Makaburu haikutosheka na utengano uliokuwapo, ikaanza kuyabana makanisa yaliyobakia. Sheria ya elimu ya mwaka 1953 iliziondoa shule za Waafrika mikononi mwa misioni ili watoto wafundishwe yale tu ambayo serikali iliona yanamfaa mtumishi. Mwaka 1957 ukaletwa muswada uliompa waziri uwezo wa kumzuia Mwafrika asihudhurie ibada katika eneo la Wazungu. Askofu Mkuu wa Anglikana wa Cape Town, Geoffrey Clayton, mtu mwenye tahadhari ambaye hakupenda mabishano na serikali, aliandika barua kwa Waziri Mkuu kumwambia kuwa yeye na maaskofu wenzake hawataweza kuitii sheria hiyo wala kuwashauri watu wao waitii. Aliitia sahihi siku ya Jumatano ya Majivu. Kesho yake akafariki dunia.

Miongoni mwa Waanglikana wa wakati huo alikuwapo padri mmoja Mwingereza ambaye baadaye alikuja kuwa wetu. Trevor Huddleston alifika Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg, mwaka 1943. Desmond Tutu alisimulia mara nyingi kisa cha utotoni mwake, jinsi alivyokuwa amesimama na mama yake, mpishi katika taasisi ya vipofu, akapita padri wa Kizungu aliyevaa kanzu na kofia pana, naye akaivua kofia yake kumwamkia mama yule. Padri huyo alikuwa Huddleston. Kwetu sisi, kumwamkia mama wa mtu ni jambo la adabu tu, halina cha kusimuliwa. Lakini katika nchi ile mtoto mweusi alikuwa hajapata kuliona. Wakati serikali ilipoanza kukibomoa kitongoji cha Sophiatown mwaka 1955 ili wakae Wazungu, Huddleston alisimama pamoja na waliofukuzwa. Mwaka uliofuata shirika lake lilimwita arudi Uingereza.

Mwaka 1960 alikuja Tanganyika kuwa Askofu wa Masasi, mahali ambapo misioni ilianzishwa mwaka 1876 kwa watumwa waliokombolewa, chini ya Askofu Edward Steere, yule yule aliyefanya kazi kubwa ya kufasiri Maandiko kwa Kiswahili. Huddleston alikaa huko mpaka mwaka 1968, akamwachia Mwafrika nafasi yake. Tangu mwaka 1981 aliongoza chama cha Waingereza cha kupinga ubaguzi wa rangi, na alipofariki mwaka 1998 majivu yake yalipelekwa Sophiatown, yakazikwa karibu na kanisa lake la zamani.

Tusijitie kuwa safi kupita kiasi. Hata huku kwetu, katika siku za ukoloni, watoto wa Kizungu, wa Kiasia na wa Kiafrika walisoma katika shule mbalimbali, na misioni zilizoendesha sehemu kubwa ya elimu zilikwenda na utaratibu huo. Cecil Majaliwa alipewa daraja ya upadri katika Anglikana mwaka 1890, na bado ilipita zaidi ya miaka sitini kabla ya kanisa hilo kumweka Mwafrika kuwa askofu katika nchi hii. Shule zilichanganywa baada ya Uhuru. Tofauti yetu na Afrika Kusini ni kwamba hapa hakuna kanisa lililofanya utengano kuwa fundisho la imani.

Tarehe 21 Machi, 1960, polisi waliwaua watu 69 Sharpeville. Mwezi wa Desemba mwaka huo Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliyakutanisha makanisa yake manane ya Afrika Kusini huko Cottesloe, Johannesburg, na wajumbe weupe na weusi, akiwamo Profesa Z. K. Matthews, wakakaa pamoja kwa wiki nzima. Walikubaliana kuwa hakuna anayemwamini Kristo anayeweza kuzuiliwa katika kanisa lolote kwa sababu ya rangi yake, na kwamba Maandiko hayakatazi ndoa za watu wa rangi mbalimbali. Wajumbe wa Kanisa la Kiholanzi kutoka Cape na Transvaal waliyakubali mengi ya hayo. Waziri Mkuu Verwoerd akakasirika, akatangaza kuwa waliosema ni watu binafsi, si makanisa yao. Mwaka 1961 sinodi za makanisa hayo zikawakana wajumbe wao wenyewe na kujitoa katika Baraza la Ulimwengu.

Mmoja wa wajumbe hao hakukubali kujikana. Beyers Naudé alikuwa Kaburu halisi. Baba yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Broederbond, chama cha siri cha viongozi wa Makaburu, na yeye mwenyewe alikuwa mwanachama. Mwaka 1963 alitoka katika chama hicho, akaanzisha Taasisi ya Kikristo iliyowakutanisha weupe na weusi, na kanisa lake likamtaka achague kati ya taasisi hiyo na mimbari. Mwezi wa Septemba aliwaambia washiriki wa usharika wake wa Aasvoëlkop, wengi wao watu wakubwa wa serikali na biashara, kuwa inampasa kumtii Mungu kabla ya wanadamu, akaivua kanzu yake. Kwa watu wake alikuwa sasa msaliti. Toka 1977 hadi 1984 alipigwa marufuku na serikali, asihutubie wala kukutana na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Katika kipindi hicho, mwaka 1980, alihamia katika lile kanisa la weusi ambalo babu zake walilijengea nyumba ya mbali. Alifariki mwaka 2004.

Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru wa kusini walikuwa wakiishi kati yetu. Mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, alionya kuwa Kanisa lisiposhiriki katika kupinga mipango inayowadhalilisha watu halitakuwa na maana tena kwao. Miaka saba baadaye, mwezi wa Juni 1977, Walutheri wa ulimwengu mzima walifanya Mkutano wao Mkuu wa sita katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walimchagua Josiah Kibira, Askofu kutoka Bukoba, kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza kukishika cheo hicho. Na walipitisha azimio ambalo, kwa maoni yetu, halijapewa nafasi inayostahili katika vitabu vyetu vya historia.

Azimio hilo lilisema hivi kwa ufupi. Wakristo huweza kutofautiana juu ya siasa na wakabaki katika kanisa moja. Lakini hali ya kusini mwa Afrika ilikuwa imevuka mpaka huo. Ubaguzi ulikuwa umegeuka jambo la imani yenyewe, na makanisa ya Wazungu hayakuwa na budi kuukataa hadharani na bila kigugumizi. Hapo hoja ya 1857 ikavunjwa, maana sinodi ile ililifanya suala la kikombe kuwa jambo la utaratibu, la kutafutiwa suluhu kwa wema. Mkutano wa Dar es Salaam ukasema kuwa si jambo la utaratibu hata kidogo. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya Walutheri wa Kizungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kutolitekeleza azimio hilo.

Makanisa ya Matengenezo nayo yakafuata. Mwezi wa Agosti 1982 yalikutana Ottawa, Kanada. Ibada ya ufunguzi ilipofika kwenye Meza ya Bwana, baadhi ya wajumbe weusi na machotara kutoka Afrika Kusini walibaki vitini mwao. Walieleza kuwa hawawezi kula ugenini pamoja na Wazungu wa nchi yao hali nyumbani wanakatazwa. Mkutano ule ulitamka kuwa ubaguzi wa rangi ni dhambi, na kuutetea kwa Maandiko ni uzushi. Ukayasimamisha makanisa mawili ya Makaburu na kumchagua Allan Boesak, mchungaji wa Kanisa la Misioni, kuwa rais. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kanisa lake lilikutana Belhar, kitongoji cha machotara karibu na Cape Town, likaandika ungamo jipya la imani juu ya umoja, upatanisho na haki. Likalipitisha rasmi mwaka 1986. Watu walioambiwa mwaka 1857 watoke nje kwa ajili ya udhaifu wa wengine sasa ndio waliokuwa wakiandika imani ya kanisa. Makanisa ya mbali yamelipokea ungamo lao kuwa lao pia, mojawapo likiwa Kanisa la Matengenezo la Marekani mwaka 2010.

Kanisa la Kiholanzi lilianza kulegea. Mwaka 1986 lilitangaza kuwa milango yake iko wazi kwa watu wa rangi zote. Na papo hapo, mwaka 1987, baadhi ya washiriki walitoka wakaanzisha kanisa la Wazungu watupu. Mwezi wa Novemba 1990, katika mkutano wa makanisa mjini Rustenburg, Profesa Willie Jonker wa Stellenbosch alisimama akaungama makosa yake na ya kanisa lake. Askofu Mkuu Tutu akanyanyuka, akasema kuwa msamaha unapoombwa hivyo hana budi kuutoa. Walikuwapo weusi waliomlaumu Tutu, wakisema kuwa hakutumwa nao kusamehe. Hatuoni kuwa lawama hiyo ilikuwa ya chuki. Aliyenyang'anywa nyumba Sophiatown alikuwa bado hajarudishiwa.

Tarehe 14 Aprili, 1994, siku kumi na tatu kabla ya uchaguzi uliomweka Mandela madarakani, Kanisa la Misioni la machotara na lile la Waafrika yaliungana huko huko Belhar kuwa kanisa moja. Si sharika zote zilizokubali. Sehemu ya Waafrika wa Orange Free State na kwingineko walikataa kuingia, na shauri likafika hadi Mahakama Kuu ya Rufani. Kanisa la Wazungu lilialikwa tangu mwanzo. Mazungumzo yamefanywa, yakasimama, yakaanza tena. Waunganaji walitaka ungamo la Belhar likubaliwe, na mwaka 2011 sinodi kuu ya Kanisa la Kiholanzi ilianza hatua za kulikubali, lakini lilipopelekwa katika majimbo halikupata kila mahali kura za theluthi mbili zilizotakiwa. Zipo sharika za jirani zinazosali pamoja na kushirikiana kikombe. Zipo nyingi zaidi ambazo bado hukutana kila Jumapili katika majengo mawili ya mji mmoja, ingawa tangu mwaka 1986 hakuna kanuni inayomzuia mtu kuvuka barabara.